Elgon haujaamka: maji moto, makorongo na safari ya kwenda kuyaona

Nilikuwa kwenye taksi kutoka Mbale kwenda Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, madaftari ya wanafunzi mapajani, kalamu nyekundu mkononi, mvua ya Novemba ikipiga vioo. Kijana aliyekaa kando yangu alikuwa ametoka Busia, mkoba wake mkubwa ameupakata kama mtoto. Aliyaangalia madaftari kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwalimu, ni kweli huko juu mlimani kuna maji yanayochemka yenyewe?" Yeye na wenzake wawili walikuwa wamepanga kupanda Mlima Elgon mwezi wa Januari, naye alikuwa ametangulia kuulizia njia.

Kabla sijafungua mdomo, mama aliyekaa nyuma yetu, mtoto amemlalia mapajani, aliinama mbele. "Mimi natoka Bulambuli," akasema. "Kwetu watu wanasema mlima umeamka. Wanasema hayo maji moto ndiyo dalili, na ndiyo maana ardhi inatuangukia. Sasa mwalimu, hawa watoto si wanaenda kutembea juu ya moto?"

Nilijibu kwa kifupi, maana injini ilikuwa ikinguruma na mama alikuwa karibu kushuka. Lakini swali lile limenikaa, kwa sababu kila msimu wa mvua nalisikia upya sokoni, kanisani, kwenye vituo vya boda. Kuna mambo matatu ya kweli: Elgon ni volkano, Elgon una maji moto, na miteremko ya Elgon imeua watu kwa udongo. Watu wameyafunga yote kwa kamba moja, na kifurushi kilichotoka ni cha uongo. Nataka kuifungua kamba hiyo, kwa ajili ya kijana anayekwenda kutembea na ya mama anayeishi pale. Mlima huu ulijengwa na moto, moto ukazimika zamani mno, na leo karibu kila kinachosogea juu yake kinasogezwa na maji.

Moto ulivyozimika

Tuanze na maneno. Volkano ni mahali ambapo mawe yaliyoyeyuka hupanda kutoka chini ya ardhi na kutoka nje. Yakiwa bado chini huitwa magma. Yakishatoka huitwa lava, au zaha kama vitabu vya shule vinavyoandika. Volkano hai ni ile inayotoa moto katika nyakati zetu, kama Nyiragongo ng'ambo ya mpaka kule Kongo, ambayo Mei 2021 ilimwaga lava hadi pembezoni mwa mji wa Goma. Volkano iliyolala imenyamaza, lakini inaweza kurudi. Volkano mfu ni ile ambayo jiko lake la chini limepoa na halina kuni tena.

Elgon ni volkano mfu. Ulianza kutoa lava zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, na umenyamaza kwa mamilioni ya miaka. Kilimanjaro, ambao wengi huudhani mzee wa Afrika Mashariki, haujafikisha hata miaka milioni tatu. Mbele ya Elgon ni mjukuu. Umri huo unaonekana kwa macho. Mlima kijana huwa na ncha. Elgon umelika na kutanuka, umekaa kama ng'ombe aliyelala akicheua, na kitako chake kina upana wa kilomita 80 hivi. Mgeni akisimama Mbale mjini na kuona ukuta wa Wanale na maporomoko yake membamba meupe, hudhani ameuona mlima. Ameona pindo la gauni tu.

Juu kabisa kuna kitu kinachoitwa kaldera, na hapo ndipo wengi hupotea. Kila mtu wa huku ameona tanuri la mkaa. Unapanga magogo, unayafunika kwa majani na udongo, unawasha. Magogo yakiungua na kupungua, udongo wa juu hukosa cha kuulalia. Unadidimia katikati, kingo zinabaki zimesimama. Elgon ulifanya vivyo hivyo: magma iliyokuwa imeushikilia mlima kwa ndani ilipotoka, paa la mlima lilikosa nguzo, likaporomoka ndani. Bakuli lililobaki ndilo kaldera. Lina upana wa kilomita nane hivi, na ni miongoni mwa makubwa duniani ambayo bado yana umbo lake.

Kwa hiyo vilele vya Elgon ni meno ya ukingo wa bakuli hilo. Wagagai, ulio juu kuliko vyote, una mita 4,321 na uko Uganda. Koitobos, wenye kichwa bapa kama meza, una mita 4,222 na uko Kenya. Kijana wangu wa Busia alikuwa akitarajia shimo linalofuka moshi. Atakachokuta ni bonde pana la nyasi za mashungi, vijito vya maji baridi, na mimea ambayo hajawahi kuiona bondeni: lobelia na senesio ndefu kuliko mtu, ambazo usiku hukunja majani yake kuzunguka kichipukizi cha katikati ili baridi isikiue. Niliwahi kuamka alfajiri nikakuta umande umeganda kuwa barafu nyembamba juu ya majani hayo, nikagusa moja kwa kidole, barafu ikavunjika kwa mlio mdogo kama wa kioo cha saa. Hapo hapo jua likatokea, na jani likaanza kufunguka. Moshi haukuwepo popote.

Niongeze neno moja kuhusu Rwenzori, maana wanafunzi wangu huichanganya kila mwaka. Rwenzori yenye theluji na kilele cha mita 5,109 haikuwa volkano kamwe. Ni pande la ukoko wa dunia lililosukumwa juu. Si kila mlima mrefu una moto katika historia yake.

Korongo lililotobolewa na mto

Bakuli likijaa mvua bila pa kutokea huwa ziwa. Kaldera ya Elgon si ziwa, na sababu yake iko upande wa mashariki, ambako ukingo umemeguka. Maji yote ya ndani ya bakuli hukusanyika na kutokea pale, na mto unaozaliwa hapo ndio Suam. Kwa muda usiohesabika mto huo umekata na kukata hadi ukuta wa kaldera ukapasuliwa kuwa korongo refu, lenye kuta zinazokufanya uinue shingo.

Nimesikia watu wakiliita korongo hilo "ufa", kama kwamba mlima ulipasuka siku moja kwa kishindo. Tazama njia ya maji ya mvua nyuma ya nyumba yako, pale yanapoanguka kutoka kwenye bati. Mwaka wa kwanza ni mstari, mwaka wa tano ni mfereji, na usipoutunza, mwaka wa kumi unakula msingi. Hakuna aliyesikia kishindo. Korongo la Suam ni mfereji huo huo uliopewa miaka mingi, kokoto za kusagia, na mteremko mkali.

Jambo ninalopenda kuwaonyesha watu kwenye ramani ni safari ya mto huo baada ya kutoka. Unashuka ukiwa mpaka wa Uganda na Kenya, unapita daraja la Suam wafanyabiashara wanapovukia, unaingia Kenya na kubadilishwa jina kuwa Turkwel, kisha unakata nchi kavu ya kaskazini hadi Ziwa Turkana. Wakati huo huo, Sipi, Sironko na Manafwa inateremka upande wetu kuelekea Ziwa Kyoga na mto Nile, na upande wa kusini mashariki kuna vijito vinavyoingia mto Nzoia hadi Ziwa Victoria. Mlima mmoja unanywesha maziwa matatu. Mfugaji wa Turkana na mkulima wa Budadiri wanakunywa kutoka paa moja, na wengi wao hawajui.

Maji moto yanatoka wapi

Sasa swali la kijana. Chemchemi ni mahali ambapo maji ya chini ya ardhi hutokeza yenyewe. Chemchemi ya maji moto ni ile ambayo maji yake yamepata joto chini kabla ya kutokeza. Za Elgon ziko kwenye korongo la Suam, pale mto unapotoka kwenye kaldera, na zina joto la nyuzi 48.

Watu wakisikia "moto" na "volkano" katika sentensi moja, hujenga picha ya jiko linalowaka chini ya sufuria. Lakini ardhi yote ina joto ndani yake, pawe na volkano au pasiwe. Wachimbaji wa migodi mirefu wanalijua hili kwa jasho lao: kwa wastani, kila kilomita moja unayoshuka, joto huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30. Mvua inayonyesha Elgon hupenya kwenye nyufa za mawe ya zamani, hushuka, na ikifika kilomita moja na kitu chini tayari imepata joto la kuoga. Haihitaji kukutana na magma.

Kazi ngumu ni kurudi juu. Maji yanayopanda polepole hupoa njiani, kama chai inayobebwa kutoka jikoni hadi shamba la mbali. Yanayopata ufa mzuri hupanda haraka na kufika yakiwa bado na joto lake. Haishangazi kwamba ya Elgon hutokeza korongoni, mahali ambapo mto umechonga ardhi chini zaidi na kufupisha njia ya kutokea. Kwa maneno mengine, yale maji moto ni mvua ileile iliyotulowesha kwenye taksi, ila imezunguka kwa njia ndefu.

Je, maji moto hayawezi kamwe kuwa dalili ya hatari? Kwenye volkano hai wataalamu huyapima, lakini wanachotafuta ni mabadiliko: joto linalopanda ghafla, gesi mpya, matetemeko madogo yanayofuatana, ardhi inayovimba. Chemchemi iliyokuwepo tangu enzi za mababu, ambayo wafugaji wameijua vizazi na vizazi, haitangazi kitu kipya.

Na yale maji hayachemki. Nilifika pale asubuhi moja ya Februari, baada ya usiku wa baridi iliyonifanya nilale na soksi mbili. Mvuke mwembamba ulikuwa umelala juu ya maji, na mawe ya kando yalikuwa na utelezi. Niliingiza mkono nikahesabu polepole. Nilipofika kumi niliutoa, maana ulikuwa umeanza kuuma. Nyuzi 48 ni zaidi ya maji ya kuoga mtu mzima, kwa hiyo usijitumbukize na usimwache mtoto ajitumbukize. Lakini yai halitaiva hapo, kwa kuwa ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzi 60 na kuendelea.

Hadithi ya mayai inatoka upande mwingine wa nchi. Katika Hifadhi ya Taifa ya Semuliki, wilaya ya Bundibugyo, kuna chemchemi za Sempaya ambazo maji yake yanachemka kwelikweli, yanaruka kwa mvuke, na wageni huchemshia mayai na ndizi. Huko ni bonde la ufa la magharibi, ambako ukoko wa dunia umenyooshwa na kuwa mwembamba. Na huko ni msitu wa tambarare, hakuna mlima wa kupanda. Watu huona picha za Sempaya kwenye simu, husoma jina la Elgon, na kuchanganya. Ukitaka kupika yai, nenda Bundibugyo. Ukitaka kaldera, korongo na msitu wa mianzi, njoo kwetu.

Nikiwa kwenye kuchemka, jambo moja litamsaidia kijana wa Busia kuliko yote niliyosema. Juu ya mita 3,500, maji ya kwenye sufuria huchemka yakiwa na nyuzi 88 hivi, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Utayaona yanatokota, utadhani yana nguvu, kumbe hayana. Maharage makavu yatakula mafuta yako yote ya taa na bado yatakuwa mawe. Beba vya kuiva haraka: mchele, unga wa uji, samaki wakavu waliosagwa, karanga zilizotwangwa.

Njia za kwenda

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon upande wa Uganda ina zaidi ya kilomita za mraba 1,100 na inasimamiwa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, yenye ofisi Mbale. Kenya ina hifadhi yake yenye jina hilo hilo, ndogo zaidi, ya kilomita za mraba 169, iliyotangulia kutangazwa mwaka 1968. Yetu ilifuata mapema miaka ya 1990. Kwa hiyo ni hifadhi mbili juu ya mlima mmoja, zenye vibali viwili. UNESCO inatambua pande zote mbili kama hifadhi za baiyosfia, yaani maeneo ambako kutunza mazingira huenda pamoja na maisha ya watu, Kenya tangu 2003 na Uganda tangu 2005. Mpaka unapita katikati ya kaldera na chemchemi ziko huko huko. Asiyetaka matatizo apange mapema na ofisi ya hifadhi, na anayekusudia kushukia Kenya abebe pasi au kitambulisho na kumaliza habari za uhamiaji kabla ya kuanza kutembea. Mlimani hakuna dirisha la kugonga muhuri.

Kosa la kwanza la wageni wengi ni kufikiri kwamba wakiona Sipi wameiona hifadhi. Maporomoko ya Sipi ni matatu, la chini kabisa likianguka kama mita 100, na ni mazuri hadi mtu anakosa la kusema, lakini yako vijijini, nje ya mpaka wa hifadhi. Asiye na siku nyingi au aliye na magoti mabovu aende Kapkwai, si mbali na Sipi, ambako kuna njia fupi za msituni za kutembea na kurudi siku hiyo hiyo, pango, na maporomoko ya Chebonet. Mbega weusi kwa weupe wataruka juu ya kichwa chake, na huenda akasikia kima kabla ya kuwaona. Asitegemee simba. Huu ni msitu wa mlima. Hata nyati na tembo waliopo huonekana kwa nadra.

Kwa kupanda, njia inayotumika zaidi ni ile inayoitwa Sasa, kutoka Budadiri. Ni ya siku nne kwenda Wagagai na kurudi, na mwanzo wake ni mkali, una ngazi za mbao zilizoegemezwa kwenye ukuta wa mwamba. Unapita migomba na kahawa, unaingia msituni penye podo na teki ya Elgon, kisha mianzi iliyosongamana hadi mchana unakuwa kama magharibi, kisha vichaka vya erika, ndipo unatoka kwenye nyanda za juu. Kambi ya Mude Cave iko mita 3,500. Hakuna kamba wala vyuma; mtu mzima mwenye mapafu na subira anafika.

Lakini njia ya Sasa haikupeleki kwenye maji moto, na hili mawakala wengine hawalisemi hadi umeshalipa. Anayeyataka maji moto achukue njia ya Piswa kutoka Kapkwata, ambayo ina mteremko mpole na urefu zaidi, apite kambi ya Piswa hadi Hunters Cave, ndipo ateremke korongoni. Ahesabu siku sita au saba. Zamani kufika Kapkwata kwenyewe ilikuwa adhabu ya matope. Siku hizi lami imefika hadi Suam.

Utakwenda na askari wa hifadhi mwenye silaha, ni sharti. Chukua pia wapagazi wa kijiji, maana pesa ile inalala kijijini. Miezi mizuri ni Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti kwa anayevumilia manyunyu. Ukipita mita 2,500 na kichwa kikaanza kuuma pamoja na kichefuchefu, huo ni mwili unaolalamikia hewa nyembamba. Pumzika, kunywa maji, na kama haiishi, shuka. Wenye nguvu na mbio ndio wanaougua mara nyingi, kwa kuwa hawataki kwenda polepole.

Na uende ukijua kwamba huko si nyumba tupu. Wamasaba, ambao wengi huwaita Wagisu, huuita mlima huu Masaba kwa jina la babu yao aliyetoka humo. Chini ya mikataba na hifadhi, vijiji vya kando vinaruhusiwa kuingia kuchuma baadhi ya vitu, na kimojawapo ni malewa, vichipukizi vya mianzi. Huvikausha kwa moshi hadi viwe na rangi ya ngozi ya kiatu cha zamani, kisha huvipika kwenye karanga zilizosagwa kwa chumvi ya kienyeji. Kipande kinapinga meno kidogo, halafu kinaachia ladha ya moshi. Upande wa Sebei, yaani eneo la Kapchorwa, kuna Wabenet, waliokuwa wakiishi na mifugo yao juu kwenye nyanda na misitu kabla ya kuwa na hifadhi, wakaondolewa na kuhamishwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2005 Mahakama Kuu mjini Mbale iliidhinisha makubaliano yaliyowatambua kuwa wenyeji wa asili wa eneo hilo, na bado wengi wao wanangoja ardhi ya uhakika. Ukimpata mzee wa Kibenet akutembeze, utasikia jina la kila kijito. Mimi naona ni aibu kwetu kwamba mgeni wa mbali anajua urefu wa Wagagai kabla hajajua jina la watu hawa.

Udongo unaoteremka

Nimeacha swali la mama mwisho kwa sababu ndilo zito. Tarehe 1 Machi 2010 udongo ulifunika kijiji cha Nametsi wilayani Bududa na kuua zaidi ya watu mia moja. Oktoba 2018, Bududa tena, zaidi ya arobaini. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Baada ya kila msiba mtu hutaja volkano, na ninaelewa kwa nini: msiba mkubwa hutafutiwa adui mkubwa.

Adui ni maji. Mawe ya volkano yakioza kwa miaka mingi hugeuka udongo mzito wa mfinyanzi, mzuri kwa kahawa na migomba, unaolala juu ya mwamba mkali. Weka godoro juu ya bati la nyumba. Likiwa kavu linakaa. Limwagie maji siku tatu, litakuwa zito mara kadhaa, na bati chini yake litakuwa na utelezi. Litateremka lenyewe bila kusukumwa. Mizizi ya miti mikubwa ndiyo misumari iliyokuwa imelishikilia godoro hilo. Tukikata miti, na tukichimba kisigino cha mteremko ili tupate uwanja wa nyumba, tumeng'oa misumari na kuondoa kizuizi. Nyufa zinazotajwa kila baada ya mvua kubwa ni za udongo unaojiandaa kushuka. Hazina uhusiano na maji moto ya Suam, yaliyoko upande mwingine wa mlima.

Hapo ndipo maelezo yangu yalipofika siku ile kwenye taksi. Nikamwambia mama, "Usiutazame mlima, tazama uwanja wako." Nikamtajia dalili: ufa mpya kwenye ardhi juu ya nyumba, miti au nguzo za ua zilizoanza kuinama, chemchemi iliyotokea mahali palipokuwa pakavu, kijito kilichogeuka tope au kukauka ghafla mvua ikiwa bado inanyesha, mlango au dirisha linalokataa kufunga ilhali jana lilifunga.

Alikaa kimya. Kijana aligeuka akamtazama.

"Mlango wangu wa nyuma," akasema mama, "tangu Jumapili tunausukuma kwa bega."

Nilimwomba asilale humo usiku ule, yeye wala yeyote wa nyumbani kwake. Alisema ana kaka Bunambutye, kule tambarare ambako serikali iliwajengea nyumba watu waliohamishwa kutoka miteremkoni. Kisha akamgusa kondakta begani, akamuuliza boda ya kutoka kwake hadi Bunambutye ni kiasi gani, mama na watoto watatu, kabla ya giza.